Kiraka cha Maua

Mfumo mpya umeshushwa Jumatatu: maboksi matatu
na konstebo mmoja, Gwakisa, mtu wa Rungwe,
anayeucheka upepo wa Mpwapwa
mpaka unapomjazia vumbi kwenye kibodi.
Hapo huvipuliza vitufe kimoja kimoja, kama anapoza uji.

Mimi ndiye koplo wa masjala. Miaka ishirini na mbili
nimevilinda vitabu hivi dhidi ya mchwa,
mvua za Desemba, na maafande wanaochana karatasi za nyuma
wakafungie karanga.
Sasa navisoma kwa sauti, yeye anachapa.

"Jina?" Najibu. "Wilaya?" Najibu.
"Afande, hapa pembeni uliandika nini?"
Pembeni niliandika: mlalamikaji anadanganya, ila ana njaa.
Pembeni niliandika: ng'ombe karudi mwenyewe.
"Pembeni haina kisanduku chake," anasema.
Basi ya pembeni tunayaacha.

Zamani jalada lilisafiri kwa basi,
likikaliwa na kondakta,
likifika Manyoni masikio yamekunjamana.
Zamani mwizi wa mifugo alivuka mpaka wa mkoa
akawa mtu safi, kama aliyebatizwa.
Hilo limekwisha, wala silililii.
Jana tu tumemtia mmoja mbaroni Kibaigwa, anakula chipsi;
jina lake lilimtangulia kufika.

Lakini leo saa tisa, mafaili ya Singida yalipoingia,
kioo kikaandika:
REKODI MBILI ZINAOANA.
UWEZEKANO: ASILIMIA SITINI NA MOJA.

Gwakisa akacheka. "Zimefunga ndoa, afande."
Nikasogeza kiti.

Kushoto, maneno yangu, yamevuliwa mwandiko wangu:
Yaredi Chidosa, miaka kumi na tisa.
Alipanda treni Gulwe kwenda kutafuta kibarua.
Sweta la kijani. Mtoa taarifa: mama yake.

Kulia, siku nne baadaye:
Mwanaume, jina halijulikani, kando ya reli, Saranda.
Sweta la kijani.
Amezikwa na serikali ya kijiji.

Miaka kumi na moja
karatasi hizi mbili zimelala kando ya reli moja,
kila moja ikidhani iko peke yake.

Nikapiga simu Manyoni. Nikawaomba wakitoe kitabu chenyewe,
kile cha karatasi, wanisomee pembeni.
Sajini akakohoa, akapekua, akakohoa.
"Kuna kitu hapa, kwa penseli," akasema.
"Sweta lina kiraka kwapani. Kitambaa cha khanga. Maua."

Asilimia thelathini na tisa zilizobaki
nilikuwa nazo mimi, pembeni mwa ukurasa wangu,
kwa kauli ya Loi Chidosa:
nilimtilia kiraka asubuhi ile, kwa pindo la khanga yangu,
akakataa kulivaa, akalivaa.

Gwakisa hacheki tena. Anauliza taratibu:
"Niweke LIKO WAZI, au LIMEFUNGWA?"
Mshale unapepesa.
Umeme ukakatika, ukarudi,
mshale ukawa palepale, una subira kutushinda.

Kesho ni mnada. Loi atapita, kama kila mnada,
na karanga za kuchemsha kwenye kitambaa.
Ataziweka mezani, ataniuliza, "Bado?"
Huwa najibu, "Bado,"
kisha tunazungumza mvua.

Amri inasema vitabu viondoke alfajiri, viende ghalani Dodoma.
Vingine nimevifunga kamba.
Hiki nimekiombea siku moja,
na kwenye fomu, mahali pa sababu, sikujaza kitu.
Loi hajui kusoma, lakini ule ukurasa anaujua.
Atataka aoneshwe dole gumba lake,
wino wa zambarau, uliotapakaa kidogo upande mmoja,
kabla hajaniamini mimi
au mashine.